Wimbo wa Sita wa Mwalimu Kache

Wachungaji, wazee, walimu waliofanya kazi na marehemu, majirani wa Kibarani na wa Muyeye, ndugu mliotoka Dabaso tangu alfajiri, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii ya tarehe 14 Juni 2025, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba mvumilie, kwa sababu historia hii ni ndefu kuliko zile mlizozoea, na ina mambo ambayo baadhi ya watu wa familia hawakutaka yasomwe. Imeandikwa na mume wa marehemu, Bwana Joram Nyale, mpima ardhi, na baada ya mabishano ilikubaliwa kwamba isisomwe na mtu wa ukoo wake wala wa ukoo wa mkewe, kwa hiyo inasomwa na Mwalimu Abigael Kyalo, aliyefundisha na marehemu, madarasa yao yakipakana, kwa miaka kumi na minne.

Jedida Kache Mwambire alizaliwa nyumbani kwao Dabaso, siku ya Jumatatu, tarehe 22 Oktoba 1979, akiwa mtoto wa nne na binti wa pekee wa Mzee Mwambire Sanga, mkulima wa mihogo na minazi, na mkewe, Mama Kadzo, ambaye yuko nasi hapa leo na ambaye tunaomba Mungu amtie nguvu. Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1986 katika shule ya msingi ya upande huohuo, shule ambayo jina lake halitatajwa, si kwa kuogopa, bali kwa kuwa yaliyofanyika pale yalifanyika katika shule nyingi za wakati ule, na haifai moja ibebeshwe ya zote.

Waliosoma miaka hiyo hawahitaji kuambiwa diski ni nini, lakini wapo vijana hapa, kwa hiyo inaelezwa. Ilikuwa kipande cha mti, mviringo, ukubwa wa kifuniko cha mtungi, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani, na mtoto yeyote aliyesikika akisema Kigiriama ndani ya ua wa shule alivishwa shingoni. Akishavishwa, njia ya kuivua ilikuwa moja tu, nayo ni kumsikia mwenzake naye akisema Kigiriama, amvishe yeye. Ilipita hivyo tangu asubuhi, shingo hadi shingo, na aliyekutwa nayo kengele ya mwisho alichapwa. Marehemu alisema kwamba kwa sababu hiyo watoto wa shule ile walijifunza kusikiliza kabla ya kujifunza kusema, na kwamba mtu akikujia karibu akakuuliza habari kwa upole, ulimtazama kwanza shingo.

Tarehe 20 Juni 1991, akiwa darasa la sita, kuna jambo lilitokea, nalo litaelezwa mahali pake, kwa kuwa mumewe hakulijua hadi mwaka huu, na anapenda mlijue kwa mpangilio aliolijua yeye.

Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993, akajiunga na shule ya sekondari ya wasichana mjini Kilifi kuanzia 1994 hadi 1997, na huko ndiko alikojifunza gitaa, kwanza kwa nyimbo za kwaya, halafu kwa kanda moja ya muziki wa roki aliyoachiwa na mwanafunzi mwenzake, kanda iliyokatika mara mbili na kuungwa kwa rangi ya kucha, ambayo aliisikiliza hadi akajua ni wapi hasa sauti itaruka. Alisomea ualimu mwaka 1999 hadi 2001, akaajiriwa upande wa Magarini mwezi Mei 2002, na mwaka 2007 akahamishiwa Muyeye, Malindi, alikofundisha Kiswahili na muziki hadi ugonjwa ulipomzuia. Wanafunzi wake wengi wamesimama pale nyuma. Hakuwahi kumchapa hata mmoja, na hakuwahi kumtuma mwanafunzi aandike majina ya wapiga kelele, akisema kelele anazisikia mwenyewe.

Alikutana na Bwana Joram mwezi Septemba 2003, Bwana Joram alipotumwa kupima mipaka ya kiwanja cha shule, akiwa na miaka miwili tu tangu atoke chuo kikuu na akiwa, kwa maelezo ya marehemu, amejaa vifaa. Maneno ya kwanza aliyomwambia yalikuwa, "Bwana mkubwa, mguu mmoja wa hicho chombo chako umesimama ndani ya goli letu, na watoto wanaogopa kukuambia." Walifunga ndoa kanisani, mjini Kilifi, tarehe 18 Desemba 2004, na wakajaliwa watoto wawili, Pamela, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 2006, na Sanga, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 2010.

Mwaka 2009, pamoja na Bwana Odera wa gitaa la kwanza, ambaye wengi mnamjua kama fundi wa majokofu, Bi Linet wa gitaa la besi na Bwana Mwenda wa ngoma, marehemu alianzisha bendi ya roki iliyoitwa Kengele ya Pili. Mji uliozoea muziki wa bango na chakacha, na bara lake lililozoea ngoma ya mwanzele, haukuupokea muziki huo kwa haraka. Mama Kadzo, aliposikia mazoezi kwa mara ya kwanza, aliuliza kwa heshima kabisa, "Hili gitaa limeharibika, au ndivyo linavyolia?" na Odera akamjibu, "Mama, limeharibika, tunalitengeneza polepole." Hata hivyo waliendelea, wakafanya mazoezi kila Jumamosi mchana katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, na baada ya miaka minne wakatoa albamu yao ya pekee, *Siku Moja ya Shule*, iliyozinduliwa katika ukumbi mmoja mjini Malindi, Jumamosi tarehe 27 Aprili 2013.

Albamu hiyo ina nyimbo kumi na moja, nazo zinafuata siku moja kwa mpangilio, kuanzia paredi ya asubuhi, ukaguzi wa kucha, hesabu za kichwa, foleni ya uji, mpaka kufagia darasa na njia ya kurudi nyumbani, na marehemu alikataa siku zote nyimbo hizo zipigwe nje ya mpangilio wake. Wimbo wa sita unaitwa "Diski." Ndio mliousikia kwenye simu za watu, kwenye maduka ya Muyeye, kwenye sherehe za kufunga shule, unaoanza kwa besi peke yake kama mtu anayetembea nyuma yako, halafu ngoma, halafu gitaa la Odera kama bati linalopasuliwa. Katika wimbo huo msichana anaimba kwamba rafiki yake alimwita nyuma ya tangi la maji, akamwuliza jambo la nyumbani kwa lugha ya nyumbani, na alipokuwa bado anajibu akahisi kamba shingoni. Watu walilia. Walimu wazima, wenye viboko vyao kabatini, walilia. Marehemu alialikwa kwenye makongamano kuzungumza kama mtu aliyevishwa diski, alipewa cheti, na kila alipoulizwa maswali kuhusu siku ile alijibu kwa kifupi na kuomba radhi kwamba hawezi kuendelea, jambo ambalo liliwafanya watu wampende zaidi.

Sasa historia inafika kwa mumewe, ambaye hakulia.

Bwana Joram alikulia mjini, katika nyumba ambayo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jikoni na ya sebuleni, hakuwahi kuona diski, na aliposikia wimbo wa sita ukumbini siku ile ya uzinduzi, alisikia jambo jingine kabisa. Alisikia mkewe akimwimbia mtu. Aligeuka kutazama alikotazama mkewe, akaona kwenye mlango mwanamume wa makamo yao, mwembamba, mwenye kofia ya buluu, amekunja mikono, ambaye wimbo ulipokwisha na ukumbi mzima ukasimama, hakupiga makofi, bali aliinama akakaza kamba za viatu vyake, akatoka. Alimwona tena Kilifi mwezi Agosti, na Watamu mwezi Desemba, mlangoni vilevile. Bwana Joram ni mtu wa vipimo, akaanza kuandika tarehe nyuma ya daftari lake la kazini, na kufikia katikati ya mwaka 2015 alikuwa ameandika maonyesho kumi na manne, mwenye kofia akiwa amefika tisa, na mara zote tisa aliondoka baada ya wimbo wa sita.

Alimwuliza Odera yule ni nani. Odera akamwambia, "Shemeji, mimi hupiga gitaa nikitazama vidole vyangu. Muulize mwenye macho ya kuimba." Alimwuliza mkewe mara moja tu, kwa njia ya kuzunguka, kwamba wimbo ule ameutungia nani, na mkewe akasema, "Ni wimbo wa shule, Baba Pamela," akaendelea kuchambua mchicha. Jibu hilo lilikuwa kweli, na Bwana Joram alilipokea kama uongo, na tangu hapo kila jambo lilipata maana ya pili. Mkewe akicheka na simu, alikuwa akicheka na mtu. Asipocheka, alikuwa akificha. Kila likizo ya shule alikwenda Dabaso peke yake kumwona mamake, akiondoka asubuhi, na siku moja Mama Kadzo akasema bila kufikiri kwamba binti yake huwa anafika kwake alasiri.

Ijumaa, tarehe 14 Agosti 2015, Bwana Joram alimfuata. Alimkuta kwenye daraja la mbao la mikokoni Dabaso, mahali ambapo wageni hupelekwa kutazama ndege, ameketi kwenye benchi na mwenye kofia ya buluu, ambaye alivaa fulana ya waongozaji wa pale. Walikaa mbali kwa mbali, kiasi cha mita moja na nusu, kwa makadirio ya mtu ambaye kazi yake ni kukadiria. Hawakushikana, hawakucheka, na kwa dakika arobaini alizosimama nyuma ya mikoko, matope yakimwingia viatuni, hawakusema ila maneno machache. Mtu mwingine angerudi nyumbani ametulia. Yeye aliona kwamba watu wanaoweza kukaa kimya pamoja kwa muda huo wamejuana sana, akarudi Malindi na uhakika.

Hakumwuliza mkewe. Anataka jambo hili lisomwe kama lilivyo, kwamba alikuwa na ulimi, na mkewe alikuwa chumba cha pili, na hakumwuliza. Badala yake alimwambia binti yao, Pamela, aliyekuwa na miaka tisa, awe anamweleza kila Jumapili ni nani amempigia mama simu, na mama alisema nini, na kama alitoka nje kuzungumza. Pamela alifanya hivyo kwa miezi saba. Mwezi Machi 2016 mtoto alikataa kula, akabembelezwa, akamwambia mama yake kila kitu. Marehemu hakupaza sauti. Alimjia mumewe pale alipokuwa akipanga ramani zake, akasema, "Baba Pamela, umemvisha mtoto diski," akatoka. Bwana Joram alidhani ni maneno ya wimbo. Alidhani mkewe anajificha nyuma ya wimbo.

Mwezi uleule alimweleza shemeji yake, Bwana Gerishom Mwambire, kaka mkubwa wa marehemu, shaka yake, akamwomba isitoke pale. Ilitoka. Wapo hapa walioisikia Kibarani, wapo walioisikia Muyeye, na wapo, familia inajua, ambao hata jana jioni, wakimenya viazi vya kilioni, walikuwa wakiulizana kama yule mwanamume wa Dabaso atakuwa na uso wa kuja. Kwa miaka tisa marehemu alipita katikati ya minong'ono hiyo akienda kazini na kurudi, na hakuijibu. Mumewe aliuhesabu ukimya huo kama ushahidi.

Aligunduliwa kuwa na saratani ya titi tarehe 11 Oktoba 2023. Alifanyiwa upasuaji mwezi Novemba, akapata matibabu mwaka wote wa 2024, akarudi darasani kwa muhula mmoja, kichwa kimefungwa kitambaa cha njano alichochaguliwa na darasa la nne kwa kura, na mwezi Februari 2025 madaktari wakasema ugonjwa umefika kwenye ini. Mumewe alimuuguza mwenyewe, alimwogesha, alimpima homa na kuandika saa na nyuzi, na familia inashuhudia kwamba hakutoka kando yake. Shaka nayo haikutoka. Vitu hivyo viwili viliishi nyumba moja.

Jumanne, tarehe 22 Aprili mwaka huu, mchana, wakiwa barazani Kibarani, marehemu alimwomba mumewe alete kalamu, akasema kwamba historia yake itakapoandikwa anataka jambo moja liwemo, na kwamba asimkatize.

Alisema kwamba Alhamisi, tarehe 20 Juni 1991, alivishwa diski mapema, saa tatu asubuhi, na kiranja, na hadi saa tisa hakuwa amempata mtu wa kumpa, kwa sababu siku hiyo kila mtu alikuwa mwangalifu. Aliogopa viboko, na zaidi alimwogopa baba yake, ambaye akisikia umechapwa shule anakuongezea za nyumbani. Darasani aliketi na kijana aitwaye Mwaringa, mpole, aliyekuwa wa pili katika darasa, yeye akiwa wa tatu, na wote walijua kwamba mama yake Mwaringa alikuwa mgonjwa wa kulala tangu wakati wa kupanda. Kache akaificha diski ndani ya blauzi. Akamwita Mwaringa nyuma ya tangi la maji, akamwuliza kwa Kigiriama, kwa sauti ya upole, "Mama anaendeleaje?" Mwaringa alijibu, akajibu kwa kirefu, na alipokuwa bado anasema, Kache akamvisha. Kengele ililia muda mfupi baadaye. Mwalimu alimwuliza Mwaringa mbele ya darasa alikuwa akisema nini hicho cha kumfanya asahau sheria, naye akakataa kusema, akachapwa kwa kuvaa diski na akachapwa tena kwa kukataa. Ijumaa hakuja shule. Hakuja tena.

Huyo ndiye mwenye kofia ya buluu. Marehemu alimtafuta mwaka 2011, alipokuwa akitunga nyimbo za albamu, akamkuta mikokoni, akamwomba msamaha, na Mwaringa akamwambia hana neno, lakini msamaha unaoombwa vichakani hakuna anayeujua. Kache akamwahidi kuuimba. Na aliutunga kama ulivyotokea, anayeimba akiwa ndiye mwenye kosa, na maneno ya kwanza yako kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake:

*Kengele bado, jua bado, shingo yangu nzito,*
*nimemtafuta nani leo, nimekupata wewe.*
*Umekuja ukicheka, una habari mdomoni,*
*nami nimeikata katikati, kwa kamba.*

Bendi ilipousikia, Odera alisema, "Mwalimu, wimbo ni mkali, lakini hakuna mtu atakayeimba pamoja nawe wimbo wa mchongezi," na Bwana Odera ameruhusu maneno yake yasomwe, na anasema angetamani asingeyasema. Marehemu aliona njia imefunguka, akaipita. Aliugeuza, aliyemvisha mwenzake akawa ndiye aliyevishwa, na wimbo ukapendwa, na kila alipopigiwa makofi ilikuwa vigumu zaidi kurudi nyuma. Mwaringa alifika kwenye maonyesho kusikia kama leo ataimba kweli. Ndiyo sababu alisimama mlangoni, na ndiyo sababu aliondoka. Na kila likizo marehemu alikwenda kuketi naye, akamwambia, "Safari ijayo," naye akajibu, "Haya."

Bwana Joram aliandika yote hayo. Halafu, tarehe 6 Mei, akaenda kuhakikisha. Mkewe yuko kitandani, hana nguvu ya kugeuka, naye akapanda gari hadi ile shule akaomba kuonyeshwa rejista ya darasa la sita ya mwaka 1991, na mwalimu mkuu wa sasa, kwa wema wake, akaitafuta stoo. Jina la Mwaringa lina alama za kuhudhuria hadi Alhamisi, tarehe 20 Juni, kisha nafasi tupu, kisha mstari mwekundu. Aliporudi, marehemu alimtazama vumbi la viatu, akamwuliza, "Umeikuta?" Akasema ameikuta. Mkewe akamwambia, "Basi pumzika, baba. Umechoka kunipima." Familia haina maneno ya kuongeza hapo.

Alifariki nyumbani Kibarani, Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mumewe, watoto wake wote wawili na mama yake wakiwa chumbani.

Katika kikao cha matanga cha Jumapili, tarehe 8, rasimu ya historia hii ilipingwa. Bwana Gerishom alisema, "Shemeji, kilioni si mahali pa kufungua mafaili. Dada yangu ameimbwa vizuri, mwache aende na wimbo wake." Shangazi mmoja akauliza, "Na huyo Mwaringa akija, atakaa wapi?" Bwana Joram alijibu kwamba atakaa na familia, na kwamba yeye haombi mengi, anaomba marehemu aondolewe kosa ambalo hakulifanya, alilobebeshwa na mumewe, na aachiwe lile alilolifanya, kwa kuwa aliomba mwenyewe aachiwe. Mama Kadzo ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Mimi niliwazaa wote wawili, huyo mzuri na huyo mwingine. Someni."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa mwaka mmoja na miezi minane, na hasa wale waliomwambia ukweli mapema. Inawashukuru walimu na wanafunzi wa Muyeye, majirani wa Kibarani walioleta maji, kuni na mahema bila kuombwa, Mchungaji, aliyeruhusu vyombo vya umeme kuingia katika ua huu akiomba tu visivunje madirisha, na bendi ya Kengele ya Pili, ambayo baada ya kusomwa haya itapiga wimbo wa sita kwa maneno ya kwanza, na Pamela ndiye atakayeuimba. Bwana Joram anamwomba Pamela msamaha mbele yenu nyote. Alimwomba nyumbani, akajibiwa, lakini anaomba tena mahali panaposikika.

Mwisho, familia inamshukuru Bwana Mwaringa, ambaye ameketi pale, mstari wa mbele, kando ya Mama Kadzo. Jumanne iliyopita Bwana Joram alimpelekea historia hii Dabaso, akamsomea yote, akamwuliza kama kuna lililokosewa au la kuongezwa. Mwaringa alisema, "Tarehe ni sawa, mambo ni sawa. Ila kitu kimoja, bwana. Wimbo huu umeimbwa pwani nzima miaka kumi na miwili, kila mtu anajua kwamba mtoto alivishwa, kila mtu anajua alichapwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza alikuwa akisema nini. Hata Kache mwenyewe hakusikia, alikuwa akisubiri pa kupitisha kamba."

Kwa hiyo, kwa ombi lake, inaandikwa hapa na inasomwa. Alikuwa akisema kwamba asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu wakati wa kupanda, mama yake aliamka mwenyewe kitandani, akatembea hadi jikoni akishika ukuta, akawasha moto, akawapikia viazi vitamu, na alipoonja akasema vimekosa chumvi, akacheka, na wote wakacheka. Alikuwa amekaa nayo habari hiyo tangu kengele ya asubuhi, na Kache ndiye mtu wa kwanza aliyemwuliza.

Mwalimu Jedida Kache, mke wa Joram, mama wa Pamela na Sanga, sasa umejibiwa. Pumzika kwa amani.